Pikipiki ikibeba muzigo, kwenda polepole ndiyo kazi yenyewe

Bukavu, saa moja ya asubuhi, kisha mvua ya usiku. Kwenye barabara ya Essence kuelekea Panzi magari yamefungana kama kawaida. Mbele iko Fuso inatoa moshi, pembeni iko mufereji umejaa maji, na katikati imebaki njia ya matope yenye upana wa meza. Motari mumoja anaingia humo. Nyuma yake amekaa mama, nyuma ya mama binti yake mwenye nguo za shule, na mbele, juu ya tanki, gunia la makala. Wanaenda mwendo wa mutu anayetembea kwa miguu. Fuso inasogea kidogo, motari anashituka, anakamata freni ya mbele wakati gidoni imegeuka, na pikipiki inalala.

Hakuna aliyekuwa anakimbia. Lakini mama ameungua muguu kwenye bomba la moshi, binti amepoteza kiatu ndani ya mufereji, makala yametawanyika, na sasa wanabishana nani atayalipa. Wapita njia wanasema maneno yale yale: "Hawa wamotari wanakimbia sana." Hapa wamekosea. Mbio inaua, hakuna mutu wa kubisha hilo. Ila kuna aina ingine ya ajali, inayofanyika chini ya kilometa 10 kwa saa, na dawa yake haiko kupunguza mwendo, maana mwendo ulikuwa tayari umekwisha. Dawa yake ni kujua kushikilia pikipiki nzito wakati inaenda polepole. Huo ni ufundi, unafundishwa, na wamotari wengi hawakufundishwa na mutu yeyote. Walinunuliwa pikipiki, ao walipewa moja ya kumulipia mwenyewe kila jioni, wakajaribu siku mbili kwenye kiwanja cha mupira, siku ya tatu wakabeba mutu.

Boxer inageuka Harley

Kwa macho, Boxer ao TVS ni kitu kidogo. Ikiwa tupu, na mafuta ndani, iko na kilo kama 115. Aina moja inapunguka kidogo, ingine inazidi. Sasa hesabu ya ile asubuhi ya Essence: motari kilo 65, mama 70, binti 45, gunia la makala 60. Pamoja na pikipiki, jumla ni kilo 355. Huo ni uzito wa kundi moja na Harley-Davidson Electra Glide, ile pikipiki kubwa ambayo polisi wa Marekani walipanda kwa miaka mingi. Na wale polisi, mbele ya kuruhusiwa kuingia nayo barabarani, wanapelekwa kwanza kwenye mafunzo, siku nyingi za kuzunguka polepole katikati ya koni za plastiki, wanaanguka, wanainuka, wanarudilia.

Tena Harley iko na faida moja: moteri yake, kitu kizito kuliko vyote, iko chini karibu na udongo. Kwa Boxer yenye muzigo uzito uko juu, kwenye kimo cha kiuno cha mutu, na nusu yake ni watu, maana yake ni uzito unaotikisika, unaogeuka kuangalia bei ya kitenge, unaoitika simu.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini nguvu ya miguu haitoshi. Zile kilo 355 zikisimama wima, kidole kimoja kinaweza kuzishika. Zikiinama digrii 3, anayezizuia kwa kimo cha kiuno anapashwa kusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 19. Hiyo muguu unaweza. Zikifika digrii 10, ni kilo 60 na zaidi. Zikifika digrii 20, ni kilo 120, na hapo hakuna motari wa kuzizuia, hata awe kijana namna gani. Kwa hiyo mutu anayesema "mimi niko na miguu ya nguvu" anasema kweli kwa digrii tano za kwanza tu. Kisha hapo, muguu wake unageuka kuwa kitu cha kwanza kuvunjika.

Ikienda mbio, pikipiki inajisaidia yenyewe. Ikianza kuanguka upande wa kushoto, gurudumu la mbele linajigeuza kidogo kushoto, magurudumu yanarudi chini ya uzito, na inasimama tena. Mambo haya yanafanyika mara nyingi kila dakika bila mutu kuyaona. Zamani walimu walisema ni ju ya magurudumu kuzunguka, sawa na pia ya watoto isiyoanguka wakati inazunguka. Mwaka 2011 wachunguzi wa chuo kikuu cha Delft, inchini Uholanzi, na wenzao wa Cornell, Marekani, walionyesha kinga waliyoitengeneza kwa namna ile nguvu ya kuzunguka imefutwa kabisa. Kinga hiyo iliposukumwa bila mutu juu yake iliendelea kujisimamisha. Kwa hiyo kuzunguka kwa magurudumu si siri yote. Kinachohitajika ni kwamba magurudumu yarudi chini ya uzito unaoanguka, na ili yarudi yanapashwa kuwa yanatembea.

Pikipiki ikipunguza mwendo mpaka ule wa mutu wa miguu, ule musaada unaisha. Gidoni inapashwa kugeuzwa zaidi ili kufanya kazi ile ile, na ni motari mwenyewe wa kuigeuza. Akikata nguvu ya moteri, gurudumu halina tena nguvu ya kurudi chini ya muzigo. Watu wa chukudu kule Goma wanalijua jambo hili bila kitabu: chukudu yenye magunia ikitembea inatii, ikisimama inakuwa ukuta unaotaka kuanguka.

Mukono wa kushoto, muguu wa kulia

Motari wengi wanaijua ambreyaji kwa hali mbili. Imekamatwa, pikipiki haiendi. Imeachiliwa, inaenda. Katikati ya hizo mbili iko nafasi nyembamba, karibu upana wa kidole kwenye mwendo wa kile kipini, ambapo diske za ndani zinagusana lakini zinateleza. Hapo nguvu ya moteri inafika kwenye gurudumu la nyuma kwa kipimo, kama maji ya robine iliyofunguliwa nusu. Kazi yote ya polepole inafanyikia ndani ya ule upana wa kidole.

Namna ya kuipata si ngumu. Pikipiki imesimama mahali sawa, vitesi ya kwanza, muguu wa kushoto chini. Gazi inaongezwa kidogo juu ya ralanti na inabaki pale pale. Kisha kipini cha ambreyaji kinaachiliwa polepole mpaka sauti ya moteri inashuka na pikipiki inataka kusogea. Inakamatwa tena, inaachiliwa tena, mara ishirini, mara hamsini, mpaka vidole vinajua mahali bila kutafuta.

Kosa la kawaida ni kuendesha polepole kwa mukono wa kulia: kufungua gazi, kufunga gazi, kufungua tena. Kila mara gazi ikifungwa, munyororo unalegea, na ikifunguliwa, unakazwa kwa kishindo. Ndiyo maana pikipiki inarukaruka na abiria anapiga kichwa mugongoni mwa motari. Mutu aliyewahi kuvuta mbuzi kwa kamba anaelewa: kamba ikilegea, mbuzi anashituka kila mara inapokazwa, kamba ikikazwa kidogo wakati wote, mbuzi anafuata. Kwa pikipiki, kinachokaza kamba ni freni ya nyuma. Gazi inabaki imetulia, mukono wa kushoto unapima nguvu kwa ambreyaji, na muguu wa kulia unakanyaga freni ya nyuma kidogo sana, bila kuachilia. Moteri inavuta, freni inazuia, na katikati yao pikipiki inatulia kama imeshikwa na mikono miwili. Ukitaka kupunguza, unakanyaga kidogo zaidi. Gazi haiguswi.

Kwa mutu ambaye hajajaribu, kutia gazi na freni kwa wakati mumoja inaonekana kama upumbavu. Na hapa inatokea hoja ambayo kila fundi wa pikipiki atasikia: "Hiyo itachoma diske." Hoja hiyo haiko ya bure, lakini imetoka kwenye gari. Gari nyingi ziko na ambreyaji kavu, na kuiteleza kwa muda murefu kunaichoma kweli. Boxer, TVS na ndugu zao wako na diske nyingi zilizolowa ndani ya mafuta ya moteri, na yale mafuta yanazipoza. Kuteleza kwa sekunde kumi, ishirini, na gazi ndogo, ni kazi ziliyotengenezewa. Kinachozichoma ni kupandisha mulima na gazi kubwa huku ambreyaji imekamatwa nusu kutoka chini mpaka juu, na zaidi ya hapo, mafuta mabaya.

Kuhusu mafuta iko kitu cha kuangalia kwenye bidoni mbele ya kulipa. Mafuta ya pikipiki yenye diske zilizolowa yanaandikwa alama JASO MA. Mafuta mengine ya gari yanatiwa dawa ya kupunguza musuguano ili gari itumie esansi kidogo. Dawa hiyo ni nzuri kwa gari, lakini ndani ya pikipiki inafanya diske ziteleze hata wakati hazitakiwi kuteleza. Motari anaongeza gazi, moteri inalia, pikipiki haipandi, na fundi anabadilisha diske ambazo pengine hazikuwa na kosa. JASO MB haiko sawa na MA: ni ya skuta ambazo ambreyaji yao haikai ndani ya mafuta ya moteri.

Kabo ya ambreyaji nayo inapashwa kuwa na nafasi kidogo. Kwa pikipiki nyingi, ncha ya kipini inacheza kati ya milimita 10 na 20 mbele ya kuanza kuvuta. Kabo ikikazwa sana diske hazifungani vizuri. Ikilegea sana haziachani, na motari anapigana na pikipiki inayotaka kwenda mbele wakati yeye anataka kusimama. Kabo yenye nyuzi zilizokatika kwenye ncha inaweza kukatika yote katikati ya soko la Nyawera, na pale hakuna ufundi wa mukono utakaosaidia.

Freni ya mbele ni ya njia iliyonyooka

Ajali ya Essence ilitoka hapa. Kwenye mbio, na gurudumu likiwa limenyooka, freni ya mbele ndiyo inasimamisha pikipiki kuliko ya nyuma, na motari anayeiogopa kabisa anajinyima nusu ya usalama wake. Lakini kwa mwendo wa miguu, gidoni ikiwa imegeuka, kuikamata ni sawa na kuikata pikipiki muguu. Uzito unakimbilia mbele na upande ule gurudumu limeelekea, na hakuna mwendo wa kuurudisha. Matope ao vumbi la mawe meusi ya volkano ya Goma yanaharakisha tu.

Kuna tabia moja ya mukono inayosaidia. Katika kupita polepole vidole vyote vya mukono wa kulia vinafunga gidoni, hakuna kidole kinachongoja juu ya kipini cha freni. Kidole kinachongoja kitakamata siku ya kushituka, mutu akitaka asitake.

Macho yanavuta gidoni

Motari akiangalia shimo, anaingia shimoni. Mikono inafuata macho, na kwa mwendo wa polepole inafuata zaidi, ju gidoni ni nyepesi na kila kitu ni karibu. Anayeangalia gurudumu lake la mbele ili aone kama litapita pembeni ya jiwe anaona jiwe tu. Anayeangalia mahali anapotaka kutokea, mita kumi mbele, anapita na hajui hata namna gani.

Kwa kugeuka mahali padogo, kichwa chote kinageuka, kidevu kinaenda karibu na bega. Pikipiki inaachiwa iiname upande wa ndani, lakini kifua cha motari kinabaki kimesimama, hata kinaenda kidogo upande wa inje. Ni kinyume cha wale wa mashindano kwenye televisheni wanaolala ndani pamoja na pikipiki. Wao wako na mwendo wa kuwashikilia, motari wa polepole hana. Uingereza, mutu anayetafuta ruhusa ya kuendesha pikipiki anaonyesha kwanza kwamba anaweza kugeuka na kurudi alikotoka ndani ya upana wa mita 7 na nusu bila kugusa chini. Bukavu iko na barabara nyembamba kuliko hapo. Kwa hiyo, pikipiki ikiwa na watu watatu na gunia juu ya tanki, kugeuka namna hiyo hakufanyiki: gunia linagusa gidoni mbele ya kufika mwisho wa mugeuko. Abiria wanashuka, pikipiki inageuzwa, wanapanda. Inachukua nusu dakika, na wako wakiliya watakaokasirika.

Muguu gani unashuka

Wakati wa kusimama, motari wengi wanatoa miguu yote miwili mita tano mbele, wanaiburuza kama ndege anayetua. Hapo muguu wa kulia umeacha freni ya nyuma, na kilichobaki ni freni ya mbele, ile ile iliyomwangusha motari wa Essence. Kanuni ya shule nyingi ni fupi: muguu wa kushoto chini, wa kulia unabaki kwenye freni, na ule wa kushoto hautoki mpaka pikipiki imesimama kabisa. Kwa Kongo iko na faida moja zaidi. Hapa watu wanaendesha upande wa kulia, na barabara zilizotengenezwa zinainuka katikati ili maji yateremke pembeni. Kwa hiyo udongo wa upande wa kushoto wa motari uko juu kidogo, karibu na muguu wake. Akishusha wa kulia anatafuta udongo ulioenda chini, na digrii tano zimeshapotea mbele hata ya kuugusa.

Milima ya Kadutu inaonyesha nani amejifunza na nani bado. Kuondoka kwenye mupando na abiria wawili kunaanza na freni ya nyuma imekanyagwa, muguu wa kushoto chini, vitesi ya kwanza. Gazi inapandishwa, ambreyaji inaachiliwa mpaka nyuma ya pikipiki inakaa chini kidogo na sauti ya moteri inashuka. Hapo tu freni inaachiliwa. Anayeacha freni mbele ya diske kukamata anarudi nyuma. Anayefungua gazi kwa hofu anainua gurudumu la mbele, zaidi sana kama muzigo umefungwa nyuma kabisa, inje ya mustari wa gurudumu la nyuma.

Kuteremka iko na ugonjwa wake: kuzima moteri ili kuokoa esansi. Kuokoa kupo, ni kudogo. Kile kinacholipwa ni hiki: moteri iliyozimwa, vitesi ikiwa imetolewa, haizuii kitu, na uzito wote wa kilo mia tatu na zaidi unaachiwa freni za tamburi, ambazo zikipata moto sana zinapoteza nguvu. Motari anakanyaga, anasikia pedali iko pale, lakini pikipiki haisikii. Muteremko wa polepole unafanywa moteri ikiwaka, vitesi ya kwanza ao ya pili, ambreyaji imeachiliwa yote ili moteri ishikilie, na freni zinaongezea tu. Njia ikiwa imenyooka na kavu, freni ya mbele inasaidia kweli, kwa kukamatwa polepole. Kwenye matope, ni ya nyuma na moteri.

Abiria naye anaendesha

Abiria aliyekaa mbali nyuma, mikono yake ikiwa imekamata simu, anaendesha pikipiki bila kujua. Akiegemea upande kuona kwa nini kumefungwa, motari anasikia gidoni inavutwa. Kwa hiyo mbele ya kuingia mahali pabaya motari mwenye akili anasema: "Mama, tusogeleane kidogo, tusitikisike, tunapita hapa pabaya." Maneno saba. Wengi wanasema kwanza baada ya kuanguka, na kwa sauti ingine.

Kupanda kunafanyika upande wa kushoto, ju kwenye pikipiki nyingi za kazi bomba la moshi liko kulia, na ndama za miguu zinazoungua ni za upande ule. Hakuna mutu anayepanda ao kushuka mbele motari hajasema ndiyo, maana uzito ukiingia kutoka pembeni wakati yeye anatafuta franka za kurudisha, digrii kumi zinafika mara moja. Mama anayekaa miguu yote upande mumoja haachi pikipiki wima; motari anapashwa kujua hilo na kuegemea kidogo upande wa pili tangu mwanzo.

Muzigo unafungwa chini na karibu na katikati, usicheze. Gunia linalotelemka sentimita tano kila shimo linabadilisha pikipiki kila shimo. Na lile la juu ya tanki, kusema kweli, halina mahali pake pale: linazuia gidoni, linafunga macho, na likipasuka vumbi la makala linaenda machoni.

Mbao ya mita 15

Japani, mutu anayeomba ruhusa ya kuendesha pikipiki anapitishwa juu ya mbao moja nyembamba iliyowekwa chini. Iko na urefu wa mita 15, upana wa sentimita 30, na imeinuka sentimita 5. Anapashwa kupita bila kuanguka, na hapa ndipo panawashangaza wengi: hapimwi namna anafika haraka, anapimwa namna anachelewa. Kwa pikipiki za kati anapashwa kubaki juu yake sekunde 7 kwenda mbele, kwa zile kubwa sekunde 10. Mita 15 kwa sekunde 10 ni kilometa 5 na kitu kwa saa, mwendo wa mama anayetoka sokoni na kitunga kichwani. Akipita kwa sekunde tano amepita, lakini hajui.

Mbao hiyo haihitajiki kununuliwa. Kiwanja cha mupira Siku ya Mungu asubuhi, kamba mbili ao mistari miwili ya majivu yenye nafasi ya sentimita 30, simu ya kupima sekunde. Kwanza pikipiki tupu. Wengi watatoka inje ya mustari kwa mita ya nne, na watacheka, kisha wataacha kucheka ju wenzao wanaangalia. Akifika sekunde 10 mara tano kwa kufuatana, anaweka chupa tupu tano za plastiki, moja kila mita nne, anapita akizunguka. Kisha duara, kushoto na kulia; karibu kila mutu iko na upande mumoja unaomushinda, na ndio wa kurudilia. Siku ingine anafunga gunia la muchanga la kilo 30 nyuma, na mbao ile ile inakuwa mupya kabisa. Mutu mwenye mwili na mudomo anakuja wa mwisho, na anakuwa mwenzake motari, haiko kliya.

Pikipiki yenyewe inaangaliwa mbele ya kulaumu mikono. Pine ya mbele ikiwa na hewa kidogo, gidoni inakuwa nzito na inachelewa. Rulema za gidoni zikikazwa sana, pikipiki inayumba polepole kushoto na kulia na motari anafikiri ni yeye. Jaribio ni rahisi: gurudumu la mbele linainuliwa, gidoni inasukumwa kwa kidole, inapashwa kuanguka yenyewe pande zote mbili bila kukwama katikati.

Ikishaanguka

Itaanguka siku moja, hata kwa mutu wa Japani. Ikipita digrii ambazo muguu unaweza, inaachiwa. Muguu unatolewa, haushindani. Watu kwanza, makala kisha. Moteri inazimwa, robine ya esansi inafungwa. Muzigo unafunguliwa mbele ya kuinua, kwa sababu kuinua kilo 115 ni kazi ya mutu mumoja, na kuinua 175 ni kazi ya kuvunja mugongo. Vitesi ya kwanza inaingizwa ili gurudumu lisikimbie. Kama imelala upande wa kulia, muguu wake wa kusimamia, ule wa kushoto, unatolewa kwanza, ili ikisimama isipite na kulala upande wa pili. Kisha motari anageuka, anaweka makalio kwenye kiti, mukono mumoja kwenye gidoni, mumoja kwenye kibebeo, mugongo umenyooka, na anasukuma kwa miguu akitembea kinyumanyuma hatua ndogo ndogo.

Na muguu wa mama ulioungua: maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 bila kuharakisha, hata kama darasa la binti limeanza. Dawa ya meno, mafuta ya kula na matope havipakwi. Likitoka lengelenge halipasuliwi. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha mama, ao ngozi ikiwa nyeupe na haisikii maumivu, ni safari ya kituo cha afya siku ile ile, na motari ndiye wa kwanza kuulizwa atamupeleka na nini.